Garissa kufurika bila mvua: Jinsi wanasayansi wanavyousoma mto Tana na maneno tunayohitaji

KUNA swali ambalo wakazi wa Garissa na Madogo huliuliza kila baada ya miaka michache. Anga ni jeupe, jua linawaka, vumbi linatimka. Sasa haya maji yaliyoingia nyumbani usiku yametoka wapi? Liliulizwa wakati wa El Nino ya 1997 na 1998. Likaulizwa tena mwaka wa 2018. Likarudi Novemba 2023, barabara ya Garissa kwenda Nairobi ilipokatika, na likaulizwa kwa uchungu zaidi Aprili 2024, boti ilipopinduka pale Kona Punda na watu wakapoteza maisha.

Swali hili ni la kisayansi, na wanasayansi wana jibu lake. Lakini ni swali la lugha pia. Habari nyingi zinazomfikia mkazi wa Garissa kuhusu mto unaopita mlangoni pake huandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi, kisha hutafsiriwa mbiombio. Katika safari hiyo maneno matatu tofauti hugeuka kuwa neno moja, na neno moja lenye uzito huachwa njiani. Makala haya yanaeleza jinsi wataalamu wa haidrolojia, yaani elimu ya maji, wanavyochunguza mwendo na ubora wa maji ya mto. Pamoja na hayo, tutayapima maneno yetu ya Kiswahili tuone yapi yanatosha na yapi yanahitaji kunolewa.

Bonde, beseni au dakio?

Dhana ya kwanza kuielewa ni ya eneo lote la ardhi ambalo mvua inayoliangukia huishia katika mto mmoja. Hebu fikiria karai kubwa. Tone likianguka popote ndani ya karai, hata kule ukingoni kabisa, litateremka mpaka katikati. Ardhi nayo ni hivyo hivyo. Mipaka yake huwekwa na vilele na migongo ya milima, wala haijui kaunti, jimbo la uchaguzi au kabila.

Eneo hili tunaliitaje? Vyombo vya habari vya Kenya husema 'beseni la mto'. Wengine husema 'bonde'. Zinapotajwa juhudi za kuhifadhi misitu, utasikia 'chemchemi za maji'. Tanzania wamelishika 'bonde': nchi imegawanywa katika mabonde 9, na kila moja lina bodi yake ya maji. Ni neno zuri, ila lina kasoro moja. Kwa Mswahili wa kawaida bonde ni ardhi ya chini iliyo baina ya miinuko. Mwambie mkulima wa chai aliye juu mlimani Nyeri kwamba anaishi katika bonde la Tana, atakuona umepotea njia. Beseni nalo humletea mtu picha ya chombo cha kunawia, na chemchemi ni mahali maji yanapobubujika tu, si eneo zima.

Mimi napendelea 'dakio', kutokana na kitenzi 'daka': ardhi inayodaka mvua. Neno hili limekwisha kutumika katika maandishi ya sekta ya maji ya Tanzania, na nitalitumia hapa.

Dakio la Tana lina ukubwa wa kilomita za mraba 95,000 hivi, karibu sehemu moja kwa sita ya ardhi ya Kenya. Mto wenyewe ndio mrefu kuliko yote nchini, kama kilomita 1,000. Unaanzia safu za Nyandarua na Mlima Kenya, unapokea mito kama Chania, Thika, Sagana, Thiba, Mutonga na Kathita, unapita katika mabwawa matano ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha unaingia nyanda kavu. Unapita Garissa, Bura, Hola na Garsen, na mwisho unamwaga maji yake baharini karibu na Kipini.

Sasa tazama mvua. Miteremko ya Mlima Kenya inayoelekea kusini-mashariki hupata milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Mji wa Garissa hupata kama milimita 300 tu. Zaidi ya hayo, mto ukishaacha nyanda za juu hakuna tena kijito cha kudumu kinachouongezea maji. Badala yake hupungukiwa kadiri unavyoteremka, kwa mvuke na kwa kunywewa na mchanga. Kwa hiyo maji unayoyaona ukisimama kwenye daraja la Garissa, kwa sehemu kubwa, ni mvua iliyonyesha Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu, Meru na Tharaka-Nithi siku kadhaa zilizopita. Hilo ndilo jibu la swali letu la mwanzo. Mafuriko huweza kuja bila wingu kwa sababu wingu lilikwisha kumwaga kwingine.

Hesabu ya maji

Wanasayansi huyachukulia maji ya dakio kama mwenye duka anavyochukulia pesa. Kilichoingia lazima kilingane na kilichotoka pamoja na kilichobaki. Mvua ndiyo mapato. Matumizi ni ya aina mbili: maji yanayorudi angani, ama kwa kukauka ardhini ama kwa kupumuliwa na mimea, na maji yanayotiririka mpaka mtoni. Akiba ni yale yaliyopenya chini ya ardhi au yaliyozuiwa katika mabwawa.

Hesabu hii inaonekana rahisi, lakini kila kifungu chake kina ugumu wake. Mvua hupimwa kwa vyombo vilivyowekwa huku na huko, na kimoja kinaweza kulowa huku cha jirani kikibaki kikavu. Garissa jambo hili ni la kawaida. Mvua ya huko hunyesha kwa viraka. Maji yanayorudi angani hayaonekani, hivyo hukadiriwa kwa kupima joto, upepo, unyevu na mwanga wa jua. Kifungu kinachopimika vizuri zaidi ni kile cha maji ya mtoni. Hapo ndipo tunapokutana na tatizo letu la pili la lugha.

Kimo si kina, na kina si wingi

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kazi ya mtaalamu wa mito ni kuujua wingi huo bila kubebwa na maji. Hufanya hivyo kwa hatua tatu, na kila hatua ina kitu chake inachopima.

Hatua ya kwanza ni kimo. Kando ya mto, mara nyingi karibu na daraja, husimamishwa ubao uliochorwa mita na sentimita kama rula. Msomaji wa kituo huangalia uso wa maji umefika alama gani na kuandika katika daftari, asubuhi na jioni. Siku hizi vituo vingine vina vyombo vinavyojisomea vyenyewe na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu. Garissa ina kituo cha namna hii kinachojulikana kwa wataalamu kama 4G01, na Garsen kina nduguye, 4G02. Vituo hivi husimamiwa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, iliyoundwa kwa Sheria ya Maji ya mwaka wa 2016.

Zingatia hili: kimo si kina. Sifuri ya ubao huo haikuwekwa lazima kwenye sakafu ya mto. Kwa hiyo redio ikitangaza kuwa mto umefika mita 5, haimaanishi kuwa ukiingia maji yatakuwa ya mita 5. Huenda yakawa zaidi, huenda yakawa pungufu. Isitoshe, mito ya mchanga kama Tana huhamisha sakafu yake kila msimu.

Hatua ya pili ni kasi na umbo. Wataalamu huugawa mto, kutoka ukingo hadi ukingo, katika vipande vingi. Katika kila kipande hupima kina na kuzamisha chombo chenye parapela ndogo inayozungushwa na maji. Idadi ya mizunguko kwa dakika hueleza kasi. Kasi haiwi moja kutoka juu hadi chini, maana maji ya chini husuguana na sakafu. Ndiyo maana chombo huwekwa kwenye sehemu sita kwa kumi za kina kutoka juu, ambako kasi hukaribia wastani. Mto ukiwa na kina kirefu hupimwa mahali pawili. Siku hizi kuna chombo kinachofungwa kwenye mashua na kutuma mawimbi ya sauti majini, kikapima kasi kwa mwangwi unaorudi.

Hata asiye na chombo anaweza kufanya kipimo cha kubahatisha kwenye mfereji wa shamba. Pima mita 10 za ukingo. Tupa chungwa majini, nalo litaelea likiwa limezama sehemu kubwa. Tuseme limechukua sekunde 20. Kasi ya juu ni nusu mita kwa sekunde; izidishe kwa 0.85 ili kuipunguza iwe kasi ya wastani, upate 0.425. Mfereji ukiwa na upana wa mita 4 na kina cha nusu mita, eneo lake ni mita za mraba 2. Zidisha: mita za ujazo 0.85 kwa sekunde, yaani lita 850 kila sekunde.

Hiyo ndiyo hatua ya tatu, ambayo napendekeza tuiite 'mtiririko': ujazo wa maji unaopita mahali fulani kwa sekunde. Mtiririko wa Tana pale Garissa, ukichukua wastani wa miaka mingi, ni kama mita za ujazo 150 kwa sekunde. Kwa siku nzima hiyo ni karibu mita za ujazo milioni 13. Lakini wastani huo huficha mengi, kwani wakati wa kiangazi mto hupungua mno na wakati wa mafuriko huzidi wastani huo mara kadhaa.

Kwa kuwa haiwezekani kupima kasi kila siku, wataalamu hupima mara nyingi kwa vimo mbalimbali, kisha huchora grafu inayooanisha kimo na mtiririko. Baada ya hapo wakisoma kimo tu, grafu huwapa mtiririko. Udhaifu wake uko palepale penye mahitaji makubwa: mafuriko makubwa ni hatari kuyapima, hivyo sehemu ya juu ya grafu mara nyingi ni ya kukadiria. Na mafuriko hayohayo huweza kuung'oa ubao wenyewe. Kamba, wanasema, hukatikia pabovu.

Kumbukumbu za Garissa zinasema nini

Madaftari ya vituo kama hivi yana thamani kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka wa 2002 watafiti John Maingi na Stuart Marsh walichapisha uchunguzi wao kuhusu athari za mabwawa ya Tana. Walilinganisha kumbukumbu za Garissa za kabla na baada ya bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981. Waligundua kuwa vilele vya mafuriko vilipungua na maji ya kiangazi yakaongezeka. Kwa maneno mengine, mto ulisawazishwa.

Je, hiyo ni habari njema? Inategemea unamuuliza nani. Mwenye pampu Garissa anafurahia maji ya kiangazi. Lakini msitu wa kando ya mto, mashamba ya Wapokomo na malisho ya Waorma kule chini vilizoea kunyweshwa na furiko la msimu. Maji yakipanda kwa kiasi na kushuka yalirutubisha uwanda. Ndiyo maana Kiswahili kinahitaji kutofautisha 'furiko' linalolisha na 'gharika' linaloangamiza. Leo tunaita yote 'mafuriko' na kuyahesabu yote kuwa janga.

Uchunguzi mwingine ulihusu mashapo, yaani mchanga na udongo unaobebwa na maji. Kundi la watafiti wa Ubelgiji na Kenya lilifuatilia Tana ya chini, baina ya Garissa na Garsen, kwa misimu kadhaa ya mvua. Wengi tungetarajia kuwa mabwawa yakinasa udongo, mto wa chini utabaki mwangavu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2015, Naomi Geeraert akiwa mwandishi wa kwanza, yalionyesha vingine. Mzigo wa mashapo katika Tana ya chini haukubadilika sana baada ya mabwawa kujengwa. Mto ukitoka bwawani na maji mepesi hujitwalia udongo mpya kutoka kwenye kingo na sakafu yake. Mwenye shamba ambaye ukingo wake unamegwa kila mwaka hahitaji kusoma jarida la kisayansi ili kuliamini hilo.

Laga na maji yaliyofichika

Kaskazini Mashariki haina Tana peke yake. Sehemu kubwa ya eneo hilo husomwa kwa laga. Hili ni neno ambalo Kiswahili cha Kenya kimelipata kutoka kwa majirani zake Wakushi, na ni neno la thamani. Laga ni mto unaotiririka kwa saa au siku chache kwa mwaka, kisha ukabaki njia ya mchanga. Kiswahili cha pwani kina 'korongo' na 'mkondo', lakini hakuna linalobeba maana hiyo yote. Tulikaribishe kamusini bila haya.

Kupima laga ni kazi ngumu. Msomaji wa ubao anaweza kukaa miezi minane bila kuona tone, na siku maji yakija huja usiku kwa kishindo. Watafiti hufuata alama za matope na takataka zilizonasa mitini ili kujua kimo kilifika wapi. Hutumia pia setilaiti. Setilaiti za rada kama Sentinel-1 ya Ulaya huona maji hata kukiwa na mawingu, jambo muhimu kwa kuwa mafuriko na mawingu mara nyingi huandamana.

Ewaso Ng'iro, mto wa pili kwa umuhimu eneo hili, hufika kinamasi cha Lorian na mara nyingi hupotelea humo. Ukiwa na nguvu huendelea kama Laga Dera kuelekea Somalia. Chini ya njia hiyo kuna hifadhi ya maji ya ardhini iitwayo Merti, ambayo wanajiolojia W. V. Swarzenski na M. J. Mundorff waliieleza katika ripoti ya mwaka wa 1977 kuhusu maji ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Ni maji hayo ya Merti yanayovutwa na visima vya mashine katika kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilizoanzishwa mwaka wa 1991 na 1992, na vilevile katika vijiji vya wenyeji vilivyo karibu.

Unawezaje kuchunguza maji usiyoyaona? Njia mojawapo ni kupitisha umeme. Maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, hivyo kifaa kidogo cha mkononi hueleza mara moja kiasi cha chumvi. Vipimo vya namna hii vimeonyesha kuwa Merti ina ukanda wa maji matamu katikati, na pembeni yake kuna maji ya chumvi. Hatari iko hapo: kisima kikivuta kupita kiasi, maji ya chumvi yanaweza kusogea kuelekea kwenye matamu.

Njia nyingine ni isotopu. Oksijeni iliyo ndani ya maji ina aina nyepesi na nzito. Wingu linapopanda mlima huanza kudondosha zile nzito, hivyo mvua ya juu mlimani huwa nyepesi kidogo kuliko ya nyanda za chini. Maabara ikipima uwiano huo inaweza kukisia kama maji ya kisima asili yake ni mvua ya mlimani iliyoletwa na mto, au mvua ya papo hapo. Ni kama kumtambua mtu kwa lafudhi yake: hata akisema Kiswahili sanifu, kuna sauti moja itakayokuambia alikulia wapi.

Safi si salama

Sasa tuje kwenye ubora. Kiswahili kina jozi ya maneno ambayo sayansi inaihitaji sana, ila mazungumzo yetu huichanganya: 'maji safi' na 'maji salama'. Maji safi ni yanayopendeza macho. Maji salama ni yasiyodhuru. Maji ya kisima yanaweza kung'aa kama kioo na yakawa na floridi ya kuharibu meno na mifupa ya watoto. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Na maji yanaweza kuwa maangavu huku yakibeba bakteria wa kipindupindu, ugonjwa uliozuka Dadaab mwaka wa 2015 na tena wakati wa ukame wa misimu mitano mfululizo ulioanza mwishoni mwa 2020.

Wachunguzi hupima mambo ya aina tatu. La kwanza ni ya kimaumbile: joto, rangi na kutibuka. Kutibuka hupimwa kwa kupitisha mwanga katika kichupa na kuangalia umetawanywa kiasi gani na chembe za udongo. Si suala la sura tu. Udongo huwaficha vijidudu, na klorini ikitiwa katika maji ya tope huishia kupambana na tope kabla ya kuwafikia. Ndiyo maana mwenye kuchota maji ya Tana anashauriwa kuyaacha yatuame na kuyachuja kwanza, kisha atie dawa au ayachemshe. Akigeuza mpangilio, anaipoteza dawa.

La pili ni ya kikemikali: chumvi, asidi, floridi, na virutubishi kama nitrati vinavyotoka kwenye mbolea za mashamba ya juu. Oksijeni iliyoyeyuka majini hupimwa pia, maana ikipungua samaki hufa. La tatu ni ya kibayolojia. Badala ya kutafuta kila kijidudu, maabara hutafuta E. koli, bakteria anayeishi katika utumbo wa watu na wanyama. Akipatikana, ni ushahidi kuwa kinyesi kimefika majini, na penye kinyesi lolote linaweza kuwapo. Katika mililita 100 za maji ya kunywa, hata mmoja hatakiwi.

Namna ya kuchota sampuli ina adabu zake. Chupa ya bakteria huwa imetakaswa, haioshwi kwa maji ya mto, na huwekwa kwenye barafu mpaka maabara ndani ya saa chache. Katika joto la Garissa, chupa iliyosahauliwa kwenye gari hutoa majibu ya uongo. Sampuli ya mashapo nayo haichotwi ukingoni tu. Chupa hushushwa na kupandishwa taratibu katika sehemu mbalimbali za upana wa mto, kwa kuwa mchanga mzito husafiri karibu na sakafu. Na sampuli moja haitoshi. Ubora wa mto hubadilika: mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu husomba uchafu wote uliojikusanya ardhini, na siku hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kunywa maji ya mtoni.

Kielelezo na lugha ya tahadhari

Vipimo vyote hivi hukusanywa katika vielelezo vya kompyuta. Kimoja kinachotumika sana, SWAT, kilibuniwa na wataalamu wa Idara ya Kilimo ya Marekani. Huligawa dakio katika vipande kulingana na udongo, mteremko na mimea, kisha hufanya hesabu ile ya duka kwa kila kipande, siku baada ya siku. Kilitumika katika dakio la juu la Tana kabla ya kuanzishwa kwa hazina ya maji ya Tana ya Juu na Nairobi mwaka wa 2015. Makadirio yalikuwa kuwa dola milioni 10 zikitumika kuwasaidia wakulima kuzuia mmomonyoko, faida kwa miaka 30 ingefika dola milioni 21.5, kutokana na mavuno bora, umeme zaidi na gharama ndogo ya kusafisha maji. Tukumbuke kuwa Nairobi nayo hunywa maji ya dakio hili, kupitia bwawa la Ndakaini kwenye mto Thika.

Lakini kielelezo hakipiti ubora wa vipimo kilivyolishwa. Na hata kikisema kweli, ukweli huo lazima umfikie mtu. Mabwawa ya juu yakijaa, maji huchukua siku kadhaa kufika Garissa. Siku hizo ndizo uhai wa watu. Ndani yake mwenye shamba anaweza kuokoa pampu yake, na mama anaweza kuhamisha watoto. Tangazo linaloziandama siku hizo linapaswa kujibu maswali matatu: maji mangapi, yatafika lini, na yatafika mpaka wapi.

Tangazo linalosema 'kiwango kimepanda' halijibu hata moja. Kiwango cha nini? Cha bwawa au cha mto? Kimo au mtiririko? Tuambiwe: 'Bwawa la Masinga limejaa na linamwaga, maji yatafika Garissa baada ya siku kadha, yatapanda kupita alama iliyofikiwa mwaka wa 2018.' Kila mkazi wa Garissa anaijua alama ya 2018. Iko kwenye ukuta wa jirani yake. Tutofautishe pia bwawa 'kumwaga' na bwawa 'kufunguliwa'. La kwanza ni kujaa na kufurika lenyewe, la pili ni uamuzi wa binadamu. Kuyachanganya huzua lawama pasipostahili au huifuta inapostahili.

Tusisahau kuwa Kiswahili si lugha ya kwanza ya wengi katika eneo hili. Msomali husema 'biyo' kwa maji na 'webi' kwa mto mkubwa. Kisima kwake ni 'ceel', neno lililo ndani ya jina la mji wa El Wak. Sehemu ambazo mifugo huteremkia mtoni huitwa 'malka'. Tangi la kukinga mvua huitwa 'berkad', ndugu wa damu wa 'birika' letu, yote mawili yakitoka katika Kiarabu. Mtangazaji anayesema 'maji yatafika malka' ameeleza mahali, hatari na anayehusika kwa neno moja. Anayesema 'maeneo ya kando ya mto yaliyo katika hatari' amesema maneno mengi, na mchungaji hajajua kama ni yeye anayeambiwa.

Wanaotunga istilahi katika vyuo vyetu wana kazi hapa, na si ya kupamba kamusi. Kimo, kina, mtiririko, furiko, gharika, kumwaga, kufungua, safi, salama: maneno haya tunayo tayari. Kilichobaki ni kukubaliana kuwa kila moja lina kazi yake, kuyafundisha hivyo shuleni, na kuyatumia hivyo redioni kabla mvua za Machi hazijaanza kunyesha kule juu mlimani.